Matembezi ya Demani: Kutoka Bagamoyo Mpaka Kaole



Katika nyakati zote za mwaka, hapana wakati niupendao kutembea pwani kuliko siku za demani. Vijana wengi wa leo hulisikia neno hili kwa wazee wao wasijue maana yake, basi na nilieleze. Demani ni zile siku ambazo upepo wa kusi umekwisha choka na kaskazi haujaja. Mvua kubwa ya masika imesahauliwa, baridi ya kipupwe imeondoka, na vuli bado inajikusanya mbali baharini. Bahari hulala. Pepo huvuma kidogo kutoka matlai, kisha zikanyamaza. Zama za majahazi, manahodha waliokuwa wakirejea Arabuni na Bara Hindi walizingojea siku hizi kama mkulima angojavyo mvua, kwa kuwa kusi ikiwa kali chombo hakitoki bandarini kwa salama, na akichelewa mtu mpaka kaskazi ishike, upepo humpiga usoni.

Hapa pana jambo ambalo huwauliza wanafunzi wangu kila mwaka: je, demani huja mwezi gani? Wengine hujibu Mfungo Saba, wengine Rajabu. Wote wamekosa, na wote wana udhuru. Mwaka wetu wa ibada hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355. Mwaka wa jua una siku 365 na robo. Kwa hivyo kila mwaka miezi yetu hutangulia kwa kiasi cha siku 11, na Ramadhani huzunguka misimu yote, masika na kiangazi, katika muda wa miaka 33 hivi. Hii ni rehema, maana lau Ramadhani ingekaa mahali pamoja, kuna watu wangefunga siku ndefu za joto maisha yao yote, na wengine wangefunga siku fupi za baridi milele. Lakini mkulima na baharia hawawezi kupanda wala kutweka tanga kwa hesabu hiyo. Ndiyo sababu wazee wetu wa pwani walikuwa na hesabu ya pili, ya Nairuzi, mwaka wa siku 365 uliohesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi. Kule Makunduchi, Unguja, watu wangali wanauadhimisha mwaka huo katika mwezi wa Julai. Ukihesabu siku 70 mpaka 90 tangu hapo, umo ndani ya demani. Hesabu mbili, na kila moja ina kazi yake. Mzee aliyenifundisha haya hakujua kuandika jina lake kwa herufi za Kizungu, lakini hakupata kupotea baharini.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Bagamoyo, umri wangu miaka 56. Elimu yangu ni ya chuo cha Qurani na darasa la saba, sina nyingine. Kila demani huwachukua wanafunzi wangu wakubwa, wa kiume na wa kike, tukatembea kwa miguu kufuata ufuo mpaka magofu ya Kaole, mwendo wa kilometa 5 au zaidi kidogo. Nataka kuwahadithia matembezi ya mwaka 2024, kwa kuwa mwaka huo safari yetu nusura ivunjike.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, baba mmoja alinijia baada ya sala ya isha. Ni mtu wa heshima, na alisema kwa adabu. Akaniambia, "Maalim, mimi nimekupa mwanangu asome, sikukupa umtembeze. Siku moja ya chuo ikipotea ni aya ngapi zimepotea?" Baada yake wakaja wengine wawili. Mmoja alikuwa na neno juu ya mabinti: haifai wakatembea ufuoni mbele ya macho ya watu. Wa tatu alikuwa mvuvi, na lake lilikuwa gumu kuliko yote, maana halikuwa la fikira bali la mkate. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa akitoka na ngalawa siku za mapumziko ya shule. Siku niliyoichagua ilikuwa Jumamosi, siku ya bamvua, tena ya kazi nyingi. Mtoto akienda nami, fungu lake la samaki halipo. "Na huyu," akasema, "kusoma kwenyewe hakumwingii. Miaka minne bado yumo katika juzuu Amma. Nafikiri mwaka huu nimtoe chuoni, awe mvuvi moja kwa moja, tusidanganyane."

Yule wa kwanza nilimjibu kwa Kitabu hicho hicho anachotaka mwanawe akisome. Katika Suratul-Ankabut Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala anaamrisha watu watembee katika ardhi watazame namna alivyoanzisha viumbe. Si mahali pamoja tu. Amri ya kutembea na kutazama imekuja mara nyingi katika Qurani. Mtoto aisomaye amri hiyo akiwa ameketi juu ya mkeka, asiinuke hata siku moja kuifuata, je, aya imepotea au imepatikana? Yule baba akanyamaza kitambo, akasema, "Basi mtoto aende, lakini akirudi nitamsikiliza alichojifunza." Nikamwambia hilo ndilo nilitakalo.

Ama habari ya mabinti, neno lile lilikuwa na haki ndani yake, nami sikulibeza. Tulikubaliana kuwa watakwenda pamoja na waalimu wetu wawili wa kike, na mama yeyote apendaye afuatane nao, nao watatembea kundi lao. Sikuona sababu ya kuwaacha nyumbani. Katika chuo chetu wasomaji hodari ni wao.

Kwa yule mvuvi sikuwa na jawabu. Nilimwomba tu anipe mtoto kwa siku moja. Akanipa, kwa shingo upande.

Sasa niseme juu ya bamvua, maana matembezi haya hayaendi kwa saa ya ukutani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, maji hayendi mbali, nayo huitwa maji mafu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kama saa nne au saa tano za asubuhi na za usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Siku hizi vijana hutazama haya katika simu zao, wala hapana ubaya, lakini ajuaye tarehe ya mwezi wake wa Kiislamu ana habari za bahari mfukoni bila ya betri. Hiyo ndiyo sababu nikachagua Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mwezi wa Mfungo Saba umeandama punde: tutoke baada ya jua kuchomoza, tufuatane na maji yanapoondoka, tukanyage mchanga ulio mgumu.

Tulitoka saa kumi na mbili u nusu, wanafunzi 31, kila mmoja na chupa ya maji na kitumbua au kipande cha muhogo. Tukaliacha soko la samaki, tukapita chini ya Boma la Wadachi la mwaka 1897, ambalo sikusimama kulieleza. Wageni hulielezwa kila siku. Mahali niliposimama ni pale tulipotazamana na mji mkongwe, nikawakumbusha habari za Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Huyu aliletwa pwani tangu utoto kutoka Umanyema, akiwa mtumwa, katika ile njia ya misafara iliyoishia mji huu. Akasoma. Akasoma hata waungwana waliozaliwa katika nyumba za mawe wakawa wakikaa mbele yake kujifunza, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na kabla ya kufariki kwake mwaka 1931 jina lake lilikuwa limefika mbali barani. Niliwaambia watoto wautazame ule ufuo: hapa walipita watu wakiwa na minyororo shingoni, na mmoja wao ndiye aliyeufundisha mji dini yake. Sikuongeza neno. Nilimwona yule mwana wa mvuvi ameinamia mchanga, anachora kitu kwa kidole cha mguu.

Bahari asubuhi ile ilikuwa kama sahani ya maziwa. Wanawake walikuwa wamekwisha tawanyika miambani na vijiti vyao, wanatafuta pweza na chaza. Mbali kidogo palikuwa na jahazi moja limetweka tanga, lakini tanga limelegea, halina hata pumzi, na chombo kimesimama kama kimepigiliwa misumari. Nikasema, hapa ndipo darasa letu la leo. Nikawaketisha, nikamtaka binti mmoja, msomaji wetu bora, atusomee katika Suratush-Shura zile aya za vyombo viendavyo baharini mfano wa milima. Akasoma kwa tajwidi ya kupendeza mno. Maana yake ni kuwa Mwenyezi Mungu akitaka huutuliza upepo, vikabaki vyombo vimetulia juu ya mgongo wa bahari, na katika hayo mna ishara kwa kila mwenye subira na shukrani.

Nikauliza: kwa nini akatajwa mwenye subira? Chombo kikisimama mahali palipo salama, bila ya mawimbi wala dhoruba, subira ya nini? Wale hodari wakatazamana. Mmoja akasema subira ni nusu ya imani, jambo jema lakini si jawabu la swali langu.

Ndipo yule mwana wa mvuvi akasema, macho yake yakitazama lile jahazi. "Maalim, upepo ukifa ni vibaya kuliko dhoruba. Dhoruba una kazi ya kufanya. Unashusha tanga, unakumba maji. Upepo ukifa huna la kufanya. Mwaka jana tulilala baharini tangu adhuhuri mpaka alfajiri ya pili. Maji ya kunywa yakaisha. Samaki wakaoza. Baba alipiga kasia hata mikono ikatoka damu, na mkondo ukaturudisha. Halafu akaacha, akakaa kimya. Akaniambia, sasa ni kungoja tu. Ulipokuja upepo hatukufurahi kwa sauti. Baba alilia."

Watoto 30 waliosalia wakanyamaza. Wapo miongoni mwao waliohifadhi sura ile. Nami nimeisoma tangu nikiwa mdogo wa miaka 11, na tafsiri zake nimezisikiliza kwa masheikh, lakini ninakiri mbele yenu kuwa sijapata kuelezwa neno "rawakida", yaani vilivyotulia, kama nilivyoelezwa asubuhi ile na mtoto asiyeweza kuimaliza juzuu Amma. Na shukrani iliyotajwa pamoja na subira ilikuwa imo pia katika hadithi yake, katika kile kilio cha baba yake.

Tukaendelea. Karibu na Kaole ufuo hufungwa na mikoko, na njia hugeuka kuwa tope. Wengi huona mahali hapa pachafu wakapita upesi. Mimi hupenda kukawia. Watu husema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja, kumbe ni kabila zima. Mna mkoko wenyewe, ambao mizizi yake husimama juu ya matope kama miguu ya buibui, na boriti zake zimeezeka nyumba za pwani yetu na za Ghuba kwa karne nyingi. Mna mchu, unaotoa mizizi kutoka chini kama vidole vinavyotafuta hewa. Mna mkandaa wenye gome la kutia rangi, na mlilana, ambao mafundi hukatia mataruma ya vyombo. Niliwaonyesha mbegu ya mkoko inayoota ikali juu ya mti, ndefu kama kalamu ya mwanzi; hudondoka ikachoma katika tope, ikaanza maisha bila ya kungoja kupandwa. Mtoto mmoja wa kike akauliza kama mbegu ile ikidondoka wakati maji yamejaa huwaje. Yule yule mvuvi mdogo akajibu, kuwa huelea, ikachukuliwa na mkondo, hata ikaota pwani nyingine. Tangu pale aya za lile jahazi watoto walikuwa wameanza kutembea karibu naye.

Mikoko hii ndiyo iliyoiua Kaole, au tuseme ilikuja kuizika. Katika karne ya 13 na zile zilizofuata, mahali hapa palikuwa na mji wa Waislamu na bandari yake. Vyombo vilifunga karibu. Taratibu mchanga na tope vikajaa, mikoko ikashika, bahari ikarudi nyuma. Bandari isiyo na maji si bandari. Kilichobaki ni misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, kisima, na makaburi, mengine yenye nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Hebu fikirini: bakuli limefinyangwa China, limevuka bahari, likafika mpaka kwenye kaburi la mtu wa Kaole, na leo jina la mtu huyo hakuna alijuaye.

Tuliingia katika msikiti ulio mkongwe zaidi. Hauna paa, na kuta zake nyingine zimesalia nusu, lakini kibla kipo, na ngazi ya kupandia muadhini ipo. Hapo nikaulizwa swali lililonifurahisha kuliko yote: "Maalim, msikiti usio na paa, usiosaliwa miaka mamia, bado ni msikiti?" Nikawajibu kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii: mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti, huwa msikiti daima. Ukuta ukianguka, watu wakihama, hukumu yake haianguki. Kwa idhini ya mlinzi wa magofu tukavua viatu, tukasali rakaa mbili za kuuamkia msikiti, chini ya mbingu, mahali walipoweka vipaji vya nyuso zao watu wa miaka 700 nyuma. Palepale mmoja akataka kujua kama adhuhuri tutaikusuru, maana tumesafiri! Tukacheka. Nikamwambia safari ya kukusuru ni zaidi ya kilometa 80, na yeye kwa kilometa zake tano asali rakaa nne zote, tena akamshukuru Mola wake kwa miguu.

Makaburini tuliwatolea salamu wenyeji wake kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), tukawaombea. Pana kaburi moja ambalo nimewahi kukuta sarafu na ubani juu yake. Watoto waliuliza, nami sikupapasa maneno: kuzuru makaburi ni sunna, humkumbusha mtu mwisho wake, kumwombea maiti ni jambo jema, lakini kumwomba maiti haja yako ni kubisha hodi mahali pasipo na mwenye kufungua. Wapo watakaochukizwa na kauli hii, nami nawaomba radhi kwa ukali wa maneno, si kwa maana yake.

Baada ya adhuhuri bahari ilikuwa yarudi, kwa hivyo tulirejea kwa njia ya ndani, chini ya minazi na miembe. Miembe ilikuwa imejaa vitoto vya maembe, na sitaeleza yaliyotokea hapo, maana wenye shamba nao husoma gazeti hili.

Usiku ule, baada ya isha, yule mvuvi alinijia tena. Nilidhani amekuja kuniaga kwa ajili ya mwanawe. Akaketi, akachezea kofia yake. Akasema, "Maalim, ameniuliza jambo. Ameniuliza kama nilijua kuwa ile siku ya upepo kufa imo ndani ya Qurani." Kisha akasema, "Sikujua. Nionyeshe." Nikafungua Msahafu, nikamsomea, nikamfasiria neno kwa neno. Aliniomba nirudie mara tatu. Yeye mwenyewe aliacha chuo akiwa na miaka tisa, kwa sababu ile ile aliyotaka kumwachishia mwanawe.

Shida ya mkate, hata hivyo, haikuondoka kwa machozi. Nyumba ile ina watoto sita. Tukakaa kufanya hesabu, na hesabu ikatupa njia. Siku za bamvua, kama juma moja, kazi yao huwa nyingi. Siku za maji mafu, juma linalofuata, hupungua, na mara nyingi hukaa pwani wakishona nyavu. Basi kwa nini mtoto huyu afuate ratiba ya wana wa wenye maduka? Tukapatana: maji mafu, aje chuoni kila siku, asubuhi siku zisizo za shule na jioni siku zote, nami nitamsomesha peke yake kwa saa moja zaidi; bamvua, aje jioni mbili tu za juma, azirudie zile alizozisoma.

Nilipoitangaza ratiba hiyo, wavuvi wengine watatu walileta watoto waliokwisha watoa. Leo ninalo darasa zima la watoto saba ambalo huanza na kuvunjika kwa mwezi wa mbinguni, na ubaoni, mahali pa Jumatatu na Jumanne, tumeandika tarehe za mwezi wetu. Waalimu wenzangu waliniona nimechanganyikiwa. Wawili wao sasa wamefanya kama mimi.

Yule mtoto hajawa msomaji hodari, nami sitawadanganya. Ulimi wake ni mzito na "dhadi" humsumbua. Lakini juzuu Amma ameimaliza, na wiki hii, kwa kuwa ni maji mafu, tumo katika juzuu Tabaraka, ukurasa wa tatu.